Mukuka Léonard na Pwanyari ya Jenerali

Nkambo wangu Mukuka Léonard, baba wa mama yangu, alikuwa mfua chuma. Alizaliwa upande wa Lukafu, kati ya wakulima, na baba yake ndiye aliyewafulia wakulima hao majembe, shoka, visu na ncha za mikuki ya kuwindia. Mukuka alikulia kando ya mivukuto. Mikono yake ilipopata nguvu ya kuinua nyundo kubwa alikuja mjini Élisabethville, akaajiriwa kwenye karakana ya reli, na huko akakutana na nyundo ya mvuke iliyomtisha siku ya kwanza, alisema, kuliko simba yeyote wa kwao. Padri alipombatiza alimpa jina la Léonard, akamweleza kuwa ni mtakatifu anayechorwa na minyororo mkononi. Mukuka alilipenda jina hilo papo hapo. Minyororo ni chuma.

Nyumba yake ilikuwa Kamalondo, mtaa ambao Wazungu siku zile waliuita Albert. Nyuma ya nyumba alijijengea tanuru dogo, na jioni akitoka kazini, au siku ya Mungu baada ya misa, alifua visu kwa ajili ya mama wa mtaa. Havikuwa vya kupendeza macho. Lakini ukikishika kisu chake, kidole chako cha shahada kilipata pa kulala juu ya mgongo wa chuma, na kisu kikaenda unakotaka. Mama walivijua hata gizani.

Mke wake alikuwa Delphine, binti wa Adalbert, Mluba wa kaskazini aliyeshuka na kazi ya kutandika reli. Walijuana hivi: Delphine alileta kisu cha mama yake kinolewe, na kesho yake akakirudisha akisema hakikati. Mukuka akakijaribu kwenye unywele wa mkono wake. Kilikata vizuri sana. Akakinoa tena. Siku iliyofuata Delphine akarudi nacho. Hapo Mukuka akaelewa, akaoga, akaenda kumsalimu mzee Adalbert.

Delphine alikuwa na sauti. Ndiye aliyeongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma cha Nyota, kimojawapo cha vikundi vile vilivyokuwa na vyeo vyao vyote: mfalme, gavana, daktari, manesi wenye vitambaa vyeupe, na jenerali. Jenerali wa Nyota alikuwa Faustin, rafiki mkubwa wa Mukuka. Siku za kazi Faustin alikuwa fundi wa cherehani. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye miguu myepesi ajabu, na akivaa koti lake la vifungo vya shaba, alilojishonea mwenyewe, hukuona tena ufupi wake.

Mwaka wa 1937, siku kuu ya Maria ya mwezi wa nane iliangukia siku ya Mungu, na habari ikaja kwamba kikundi cha Jadotville kitapanda treni kuja kushindana na Nyota. Faustin alifika kwa Mukuka jioni ile ile, jasho likimtoka.

"Yaya Mukuka, mi nataka silaha," alisema; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Silaha ya kufanya nayo nini?"

"Ya kucheza nayo. Jenerali hawezi kutoka mikono mitupu. Jenerali ya Jadotville, ule Donat, iko na upanga murefu, bantu bote banamuongea."

"We pia ulikuwa na upanga mwaka jana."

Faustin akatazama chini. Kutoka ndani ya nyumba Delphine alicheka, kisha akajikohoza ili isijulikane. Mwaka uliopita Faustin alikuwa amevaa upanga wa mbao uliopakwa rangi, na ulikuwa mrefu kuliko mguu wake. Alipogeuka kwa madaha mbele ya gavana, upanga ukaingia katikati ya magoti yake, na jenerali akalala kifudifudi mbele ya mtaa mzima.

"Njo ile," Faustin alikubali polepole. "Upanga hainifai. Nataka kintu kifupi, ya kukaa ku mukaba, apa ku kiuno, lakini ya kweli. Ya chuma."

"Nitakupa kisu muzuri."

"Kisu! Bantu batasema jenerali anaenda kumenya bilazi! Apana, yaya. Nataka pwanyari."

Pwanyari ndilo neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Waswahili wa pwani husema jambia. Mukuka aliposikia neno hilo aliweka nyundo chini. Alichukua kisu cha jikoni kilichokuwa kikipoa, akakiweka kwenye kiganja cha Faustin.

"Ona. Kisu iko na tumbo na mugongo, kama muntu. Tumbo inakata, mugongo inapokea kidole. Njo maana kisu ni rafiki ya mukono. Panga nayo iko na mugongo, lakini uzito yake yote iko ku kichwa, juu ya kukata muti. Upanga ni murefu, unaurusha toka ku bega. Beneti ya baaskari inafanana na pwanyari, lakini ukiitoa ku bunduki inakuwa yatima. Pwanyari yenyewe haina mugongo. Pande zote mbili ni tumbo, na zote zinakimbilia ncha. Haimenye, haipasue kuni, haichinje hata kuku vizuri. Ilizaliwa juu ya kazi moya tu, kuchoma."

"Basi ni rahisi kuitengeneza," Faustin alisema. "Iko na kazi moya."

Mukuka aligeukia tanuru, na Delphine, aliyekuwa amesimama mlangoni na mama yangu Régine mgongoni, alijua kwa nini. Baba wa Mukuka, fundi wa Lukafu aliyeweza kufua chochote, alijaribu pwanyari mara kadhaa maishani mwake na kila mara alishindwa. Kisu kikipinda kidogo, mgongo unaficha kosa. Pwanyari haina pa kuficha. Upande mmoja lazima uwe sawa na mwenzake kuanzia mpini mpaka ncha, na mshipa wa katikati upite wima kama uzi wa mwashi. Zile za mzee zote ziliinama kushoto. Mzee alizigeuza kuwa ncha za mikuki, akawa anacheka, lakini mwanawe aliona kuwa kicheko hicho hakikushuka mpaka tumboni.

"Nitajaribu," Mukuka alisema hatimaye.

Alipata kipande cha springi ya lori iliyokufa, chuma kigumu chenye moyo. Jioni ya kwanza alikinyoosha. Jioni ya pili akaanza kukipa umbo, na Delphine akamsikia akikitukana kwa Kibemba. Kilikuwa kimeinama kushoto.

"Kama cha tata," alisema, akimkumbuka baba yake, akaketi kwenye gogo.

Delphine alimletea maji ya kunywa. "Tata yako alikuwa anapiga na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Na we?"

"Wa kuume."

"Basi upande moya unaona nyundo, upande ingine unaona fuawe tu. Geuza-geuza."

Mukuka alimtazama. Jambo hilo alilijua, kila mfua chuma analijua, lakini alikuwa analifanya kwa kubahatisha. Toka jioni hiyo kila pigo upande huu alilifuatisha pigo upande ule, kama mtu anayegawa chakula kwa watoto wawili wenye macho makali. Kazi ilienda polepole. Majirani waliosikia mdundo ule mpya, tap na tap, tap na tap, walidhani Nyota wana wimbo mpya.

Kisha alikizima kwenye mafuta ya mawese, akakirudisha motoni kidogo ili kisivunjike, akaanza kusugua kwa tupa na jiwe. Alikata msalaba mdogo wa shaba nyekundu, akauweka mahali chuma kinapoingia kwenye mpini, ili mkono usiteleze kwenda kwenye makali. Mpini aliuchonga kwa mti wa mulombwa, mwekundu kama udongo wetu baada ya mvua.

Siku alipomaliza ilikuwa jioni yenye mwanga mzuri. Aliilaza pwanyari juu ya ubao mweupe, akaizungushia alama kwa kipande cha makaa, akaiinua. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha polepole juu ya alama. Ilikaa. Hakuna mahali chuma kilipovuka mstari, wala mahali mstari ulipobaki peke yake. Mukuka aliigeuza tena. Ikakaa tena.

"Mama Régine!" aliita. "Kuya uone!"

Delphine alikuja mbio akidhani amejikata. Alimkuta mumewe, mtu mzima, fundi wa reli, akiruka-ruka kuzunguka ubao kama mtoto aliyepewa viatu.

Kama pwanyari ingebaki kwenye mkaba wa Faustin mpaka siku kuu, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini siku ya Ijumaa, siku mbili kabla ya ngoma, Faustin aliipeleka dukani kwake. Wateja walijaa, wengine hawakuwa hata na kitambaa cha kushonwa.

"Ni kisu tu," mmoja alisema akimchokoza. "Hata mi niko na kisu."

"Kisu?" Faustin alisema. "Nipeni ile dibogo!"

Mtu alimpa boga kubwa alilokuwa amenunua sokoni. Faustin akaliweka juu ya meza yake ya kukatia nguo, akainua mkono juu kama jenerali wa kweli, akashusha. Hakukuwa na kelele, ila sauti ndogo, tsk. Pwanyari ilipita katika boga kama katika maji, ikapita katika ubao wa meza, ikasimama hapo, msalaba wa shaba ukiwa umelikalia boga kama kofia. Watu walipiga makofi. Faustin akavuta. Haikutoka. Akapanda juu ya meza akavuta kwa mikono yote miwili. Wateja wawili wakamshika kiuno, wakavuta naye, na wote watatu walikuwa wakiimba "hooo-isa!" kama watu wa reli wakati brigadia Émile alipoingia.

Émile alikuwa polisi wa mtaa. Ndiye aliyeweka mguu mmoja kwenye meza, akashika mpini, akaitoa. Aliitazama pwanyari pande zote mbili, huku mbegu za boga zikidondoka.

"Jenerali," alisema, "hii ni nini?"

"Kisu ya kukata nguo, brigadia."

"Nguo ya aina gani? Ya chuma?"

Amri ya wakati ule ilikuwa wazi: Mweusi angeweza kuwa na kisu cha kazi yake, lakini silaha ya kuchoma mtu, hapana. Émile aliifunga pwanyari katika gazeti, akawaambia Faustin na Mukuka wafike kituoni Jumamosi asubuhi, mbele ya komisere, mkubwa wake.

Jumamosi Mukuka alivaa shati lake la misa. Delphine alikuwa anatoka sokoni na kikapu cha viazi vitamu kichwani na Régine mgongoni, akawafuata bila kuitwa. Walisimama barazani muda mrefu, kofia mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile kwa mtu anayemngoja Mzungu. Faustin alikuwa amepungua nusu.

"Niliwaambia ni kisu," alinong'ona. "Yaya, tafazali, sema ni kisu."

Mukuka alikunja uso. Kwa majuma mazima alikuwa akiwaambia watu wa karakana, padri, hata muuza makaa, kwamba ametengeneza pwanyari. Sasa aseme ni kisu?

Komisere alikuwa Mbelgiji mwenye masharubu ya manjano, aliyekaa Katanga miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri. Pwanyari ilikuwa mezani juu ya gazeti.

"We njo fundi?"

"Ndiyo, bwana."

"Hii iko nini?"

Mukuka alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Delphine alipita mbele yake.

"Iko kisu yangu ya jikoni, bwana. Bwana yangu alinitengenezea. Njo namenyaka nayo bilazi."

Faustin alitikisa kichwa kukubali mpaka kofia ikamponyoka mkononi.

Komisere alimtazama Delphine, akatazama kikapu. "Kilazi iko. Menya."

Sasa, Delphine alikuwa bingwa wa kumenya. Aliweza kumenya kiazi kitamu ganda likatoka refu kama utepe, huku akiongea na mtu wa ng'ambo ya barabara. Alichagua kiazi, akashika pwanyari, na kidole chake cha shahada kikaenda kilikozoea kwenda, kwenye mgongo. Hakukuwa na mgongo. Akakiondoa haraka. Akajaribu kuikamata kwa chini, ncha ikaelekea kwenye tumbo lake mwenyewe. Akaigeuza, msalaba wa shaba ukazuia kiganja. Alikata kipande kinene cha kiazi, kikaruka kikaangukia kiatu cha Émile. Hatimaye akasahau, akakisukuma chuma kwa kidole gumba kama alivyofanya maisha yake yote.

"Ee mama!"

Damu ilitoka, si nyingi. Delphine alitia kidole mdomoni, akatazama kiazi kilichokuwa kimekatwa-katwa kama kimetafunwa na panya, na kicheko kikampanda. Alijaribu kukizuia, akashindwa. Émile aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Basi, bwana," Mukuka alisema, akachukua pwanyari kwa upole kutoka mkononi mwa mkewe na kuirudisha mezani. "Asijikate tena juu yangu. Si kisu. Iko pwanyari. Ni mi niliifua."

Faustin alifumba macho.

Komisere hakukasirika. Aliiinua, akanyoosha kidole kimoja, akaiweka juu yake karibu na ule msalaba. Ilikaa hapo bila kutikisika, kama ndege juu ya waya. Akafunga jicho moja, akatazama mshipa wa katikati kutoka mpini mpaka ncha. Chumba kizima kilisogea kuona. Hata Régine, mama yangu, alichungulia kutoka mgongoni.

"Kazi muzuri," alisema. "Muzuri sana. Lakini haitoke hapa."

"Bwana, kesho ni siku kuu," Faustin alianza.

"Haitoke."

Mukuka alisimama akiitazama. Kisha akauliza, kama anayeuliza njia: "Bwana, pwanyari ikikosa ncha, ikikosa makali, bado iko pwanyari?"

Komisere alifikiri, akijipapasa masharubu. Lilikuwa swali la haki naye alilipa haki yake. "Kama haiwezi kuchoma na haiwezi kukata, hiyo siyo silaha. Hiyo ni kitu ya kupendeza tu."

"Basi, tafazali, munipatie tupa."

Dereva wa lori la kituo alikuwa nayo. Mukuka aliketi kwenye ngazi za baraza, jua likimpiga mgongoni, akaweka pwanyari juu ya goti. Hapo mkono wake ulikataa. Alituambia wajukuu baadaye kwamba hakuwahi kuona tupa nzito kama ile. Delphine aliketi kando yake, kidole kimefungwa kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa.

"Baba Régine," alisema kwa sauti ya chini, "niliona vile ilikaa ku kidole ya bwana. Bote tuliona."

Mukuka alivuta pumzi, akaanza na ncha. Alizungusha taratibu mpaka ikawa mviringo kama ukucha. Kisha makali, upande huu, upande ule. Tupa ililia, kriiii, kriiii, na Delphine, asiyeweza kusikia mdundo wowote akaunyamazia, akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa wimbo wa Nyota. Mukuka akafuata mdundo wake. Wafungwa waliokuwa wakifagia uwanja wakaanza kufagia kwa mdundo ule ule, vumbi likipanda na kushuka kwa zamu. Faustin alivumilia kidogo, kisha miguu yake myepesi ikamshinda, akawa anacheza pale pale penye kituo cha polisi, bila kofia. Émile alikuwa amesimama wima kama inavyompasa brigadia, lakini kisigino cha kiatu chake kilikuwa kinagonga sakafu.

Walipoingia tena, komisere alipitisha kiganja juu ya upande mmoja, akapitisha juu ya upande wa pili, akagonga ncha kwenye meza. Hakuna kilichotokea.

"Bon. Sasa iko nini?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Iko kijiko, bwana," Émile alisema.

Nadhani hakukusudia kulisema kwa sauti. Lakini limetoka limetoka, na wa kwanza kucheka alikuwa komisere mwenyewe. Waliruhusiwa kwenda na kijiko chao.

Émile hakuweza kulala na neno zuri namna ile peke yake. Asubuhi ya siku kuu, watu wakitoka misa, Kamalondo yote ilijua kwamba jenerali wa Nyota atacheza na kijiko. Faustin alitaka kuugua. Mukuka alimvalisha mkaba kwa mikono yake.

"Inangaa," alimwambia. "Nenda."

Na kweli iling'aa. Uwanja ulijaa watu mpaka juu ya paa za nyumba. Wa Jadotville walishuka kutoka stesheni kwa mistari, ngoma zao za mapipa mbele, na nyuma yake jenerali Donat, mrefu kama nguzo ya umeme, na upanga wake wa mbao uliopakwa rangi ya fedha ukigusa vifundo vya miguu. Ulimfaa. Ilibidi kila mtu akubali kwamba ulimfaa. Majenerali wawili wakakutana katikati ya uwanja kupeana saluti, mmoja akitazama juu, mwingine akitazama chini.

"Mwenzangu," Donat alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hiyo kadogo ku mukaba ni nini?"

"Kijiko!" mama mmoja alipiga kelele kutoka kwenye umati.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Faustin alifunika mkaba kwa mikono miwili, na Mukuka, aliyekuwa nyuma ya wapiga ngoma, alihisi uso wake unawaka kama alikuwa mbele ya tanuru. Ndipo Delphine alipotoka kwenye mstari wa waimbaji, kidole chake kilichofungwa kikiwa juu, akapaza sauti yake ile kuulizia bukari, ugali wetu:

"Jenerali iko na kijiko, e!
Bukari iko wapi?"

Waimbaji wa Nyota walitazamana. Akarudia, na safari hii akajijibu:

"Bukari iko Jadotville, e!
Tunakuya kukula!"

Ngoma zikaingia. Kelele iliyopanda ilisikika, wanasema, mpaka karakana ya reli. Faustin alichomoa pwanyari, chuma kikapokea jua na kulirusha juu ya vichwa vya watu, na akaanza kucheza kama mtu mwenye njaa ya mwezi mzima: akichota upande wa Jadotville, akipeleka mdomoni, akilamba, akipapasa tumbo, akichota tena, akizunguka kwa miguu ile isiyogusa ardhi. Chombo kilikuwa kimetulia mkononi mwake hata akikizungusha vipi, kwa sababu uzito wake ulikuwa mahali pake. Donat alijaribu kubaki na uso wa jenerali. Alijaribu kweli. Kisha akavua kofia yake ndefu, akaigeuza, akapiga goti moja na kuishika kama sufuria ya bukari, na Faustin akaja kuchota humo humo. Watu walilia kwa kucheka. Vikundi viwili vikachanganyika, ngoma za mapipa na zetu, mpaka haikujulikana nani anashindana na nani.

Nani alishinda? Wa Kamalondo husema Nyota. Nilikutana na mzee wa Likasi, ambayo ndiyo Jadotville ya zamani, akaniapia kuwa walishinda wao. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba jioni ile, treni ilipoondoka, madirisha yote yalikuwa yanaimba wimbo wa Delphine, ila walikuwa wameugeuza: bukari sasa ilikuwa Élisabethville, na wao ndio watakaokuja kula.

Toka hapo jenerali yeyote wa ngoma aliyejiheshimu alitaka kijiko. Walikuja wa Kipushi, wakaja wa Kambove, Donat mwenyewe akapanda treni kuja kuagiza chake, kirefu kidogo kuliko cha Faustin. Mukuka aliwafulia wote. Kila kimoja alikitengeneza kwanza kuwa pwanyari kamili, akakipima juu ya ubao kwa kipande cha makaa, akaita mkewe aone, kisha akakitia tupa kabla hakijatoka kwenye uwanja wake. Émile alipita kupapasa ncha kwa kidole, akanywa maji, mara nyingine akala. Visu vya mama havikuacha kufuliwa, na Delphine alirudi kumenya kwa vile vyenye mgongo.

Miaka ya hamsini walihamia mtaa wa Katuba, kwenye nyumba ya matofali yenye uwanja mpana, na mwaka wa 1957 mama yangu Régine akaolewa huko. Faustin, aliyekuwa sasa mnene wa kweli, ndiye aliyeshona suti ya bwana arusi na gauni la bibi arusi, akakosea kipimo cha suti, na bwana arusi alikula mikono ikiwa imetokeza. Mzee Adalbert aliletwa kwa baiskeli, amekaa nyuma kama mfalme. Mukuka hakujua kucheza. Miaka yote ya Nyota alikuwa amesimama nyuma ya wapiga ngoma, akipiga makofi nje ya mdundo. Siku hiyo Faustin alimvuta katikati kwa nguvu, na wazee wawili wakazunguka-zunguka wakikanyagana, wakikataa kuacha, mpaka Delphine alipowajia na mwiko mkononi kuwaambia kwamba kuku amepoa na wageni wameshiba, na wao tu ndio hawajala.